Samaki wa Ijumaa na Ulimi wa Wifi

Jumatatu, 3 Juni

Daftari jipya. La zamani limelowa mafuta.

Mkuu amekunywa chai ya maziwa yaliyochacha. Kikombe kizima! Mimi harufu ilinipokea mlangoni. Yeye akajifuta mdomo, akasema nimmiminie kingine. Nikamwaga maziwa yote, nikaisingizia friji.

Mkuu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mpishi mkuu wa kantini hii ya kiwanda cha viatu, mwaka wa kumi na moja sasa, na mimi aliniingiza yeye. Siku ya kwanza alinipa sharti: ukivuka mlango huu mimi ni Mkuu, wewe msaidizi, wifi tumewaacha nyumbani. Nyumbani ananitania mpaka nakimbilia chumbani. Hapa hata salamu ni ya kikazi.

Jumanne, 4 Juni

Nimemtega. Nilimpa kijiko cha supu isiyo na chumvi hata chembe. Akaonja, akafikiri, akasema safi.

Nilimtazama tu. Akanivutia stoo, akafunga mlango. Tangu yale mafua ya Aprili pua haisikii harufu, ulimi hausikii ladha. Anakula kama anatafuna karatasi. Daktari kamwambia asubiri. Asubiri nini, hakusema. Na mkataba wake unaisha mwezi huu. Nani atamweka mpishi asiyeweza kuonja?

Hakulia. Alinipa vitunguu nimenye, akaanza kukuna karoti.

Tumekubaliana hivi: mimi naonja. Nikigonga ukingo wa sufuria mara moja, chumvi imetosha. Mara mbili, aongeze. Mchana maharage yamepita vizuri.

Jumatano, 5 Juni

Meneja mpya amekuja jikoni. Tumempachika jina Miwani, maana anavaa miwani mbili, moja puani, moja utosini, na bado anauliza miwani iko wapi. Mpole. Anaandika kila kitu.

Anasema mafundi wa viatu wamelalamika. Mwezi mzima chakula hakieleweki, leo chumvi tupu, kesho maji matupu. Ijumaa atakula hapahapa jikoni, samaki wa kuoka, kisha ataamua kuhusu mkataba wa Mkuu. Mkuu akajibu karibu sana, huku anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Kutoka, Miwani akaniita pembeni. Mkuu asipoendelea, nafasi ni yangu. Nikasema asante.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli.

Sijamwambia Mkuu. Mume wangu ndiyo kabisa, yule hana kifua, angeshatangaza kabla ya kuvua viatu.

Alhamisi, 6 Juni

Tumefanya jaribio kwa vipande vinne.

Minofu ya samaki mweupe, isiyo na mwiba. Unaikausha kwa kitambaa mpaka kitambaa kisilowe tena, la sivyo maji yatapanda na kulainisha juu. Chumvi kidogo. Unapaka mtindi mzito ili chenga zishike. Chenga ni mkate mkavu wa juzi, uliopondwa kwa chupa. Usiusage! Ukiusaga unapata unga. Unazikaanga kwanza kwa siagi na kitunguu saumu mpaka zianze kuwa na rangi, kisha ganda la limau lililokwaruzwa. Zikiingia mbichi, samaki atakauka kabla hazijawa kavu. Oveni kali, dakika kumi na mbili.

Mkuu hakutazama saa. Alitoa trei, akakwaruza juu kwa mgongo wa uma, kichwa kakiinamisha. Akarudisha. Dakika moja tena. Akakwaruza. Sasa, akasema.

Ilikuwa sasa kweli. Chenga zinavunjika, samaki chini yake bado ana maji yake.

Alikula kipande kizima kwa kutafuna taratibu. Akaniambia hicho ndicho kitu pekee anachokipata siku hizi, ule mlio ndani ya taya. Nilimhurumia. Pia nilimwonea wivu, maana mimi bila saa ningeunguza.

Tatizo ni moja. Supu unachota ikichemka, unaonja, unarekebisha. Samaki huyu ukishamfunika ndiyo basi. Kwa hiyo nimeonja chenga za kesho zenyewe, bakuli zima liko tayari. Nikagonga mara moja.

Ijumaa, 7 Juni

Saa nne asubuhi. Minofu imekauka. Mkuu kavaa aproni mpya. Mikono yangu inanuka limau. Nina hamu ya mambo haya kuisha, kwa upande wowote.

Saa saba na robo. Naandika stoo, nimekaa juu ya gunia la viazi. Haraka.

Trei ilipokuwa ndani dakika ya saba nilisikia harufu ya sukari inayoungua. Sukari! Nikamuuliza Mkuu, sauti ya chini. Akasema chenga zilipungua kwa trei kubwa, akaongeza mkate kutoka kwenye kapu, wakati mimi nakausha samaki. Nikaenda kutazama kapu. Skonzi. Zile tamu zilizobaki za chai ya asubuhi. Mkavu ni mkavu, aliushika kwa vidole, akausikia unavunjika, akaridhika. Hakuona haja ya kuniita. Tangu anilete hapa hajawahi kuniita kwa mkate.

Sikupata nafasi ya kumwambia. Miwani alikuwa tayari kakaa, kitambaa kifuani.

Mkuu akakwaruza. Uso wake ulifunguka! Mlio haujawahi kuwa mzuri vile, sukari imezishika chenga zikawa kama vigae. Akaweka sahani mezani kwa mikono miwili.

Miwani akakata, akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena. Akauliza Mkuu kaweka nini humu. Sura yake sikuweza kuisoma, huenda kapenda, huenda anatafuta pa kutemea. Mkuu akajibu ni mkate, siagi, kitunguu saumu, limau. Miwani akamsogezea uma: hebu onja mwenyewe, unaonaje?

Mkuu akaonja mbele yetu. Nilitafuta kitu cha kugonga. Hakukuwa na sufuria karibu, na ningegonga mara ngapi? Sukari hatukuiwekea ishara.

Akasema: naona chumvi imezidi kidogo.

Miwani akaweka uma chini. Hakuandika. Akanigeukia: basi wewe onja, uniambie ukweli.

Nikaonja. Ni tamu kama keki. Nikasema ngoja nilete limau kwanza, nikaingia humu.

Limau ninalo mkononi. Ninaweza kutoka na kusema wazo la skonzi ni langu, nilitaka kubuni, na Mkuu alikuwa ananifichia aibu. Ninaweza kusema ukweli alioutaka Miwani, kwamba Mkuu hasikii ladha. Jumatatu ufunguo wa stoo hii ungekuwa wangu. Nimeshaufikiria, hata ndoano nitakayoutundikia.

Natega sikio jikoni. Hata kiti hakiburuzwi.

Sasa Mkuu ananiita. Sauti ni ya kawaida kabisa, kama ya nyumbani, na Miwani yuko palepale anasikia.

“Wifi! Wifi yangu, limau umeliona?”