Picha Niliyoituma Maskati Si ya Mwanangu

Mpendwa Shangazi Mboni, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijapanda ndege, na tafadhali usinicheke, maana hapa nyumbani Kariakoo sina wa kumwambia, wapangaji wote tunatumia ua mmoja na jambo likisemwa kwenye jiko la mmoja ujue limeshafika kwenye majiko yote.

Mimi ni mke wa mtu, mume wangu Zahoro ni fundi wa reli pale Gerezani, na Mungu ametujalia mtoto wa kiume, Abbasi, ambaye alizaliwa kabla ya siku zake, akiwa mdogo hata niliogopa kumshika, na mpaka leo anapokaribia kukaa bado ni mwembamba, shingo nyembamba, miguu myembamba, ingawa kila nikimpeleka kliniki nesi anamweka kwenye mizani na kuniambia, mama, huyu mzima, anaongezeka vizuri, wewe endelea kumnyonyesha. Lakini watu wanaopita uani si manesi, Shangazi. Wanamtazama, halafu wananiuliza, "Anaumwa?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mpaka nikawa nikitoka kwenda kwenye foleni ya sukari namfunika khanga uso na mwili, nasema amelala.

Sasa jamaa za mume wangu, mashangazi zake na bibi yake, wanaishi Maskati, walihamia huko zamani, na huyo bibi, Bi Kuruthumu, ndiye aliyemlea Zahoro baada ya mama yake kufariki, na mtoto wetu tumempa jina la marehemu mume wa bibi huyo. Tangu Abbasi azaliwe walikuwa wanataka picha yake, na mimi nikawa najificha nyuma ya maneno ya mama yangu mkubwa, aliyenionya kwamba picha ya mtoto mchanga haipelekwi mbali, watu wasije wakamfanyia jicho, basi nikayashika maneno hayo kwa mikono miwili. Halafu Bi Sitara wa mtaa wa pili akapata safari ya Maskati, Zahoro akaniambia imani hizo niziache, niende studio nikapige picha na mtoto nimpe Bi Sitara aipeleke, na yeye akaondoka kwenda kutengeneza reli upande wa Morogoro.

Chumba cha pili kutoka changu anakaa Paskalina, mwenyeji wa Masasi kama mumewe Vitalis anayefanya kazi bandarini, nao wana mtoto, Eliasi, aliyezaliwa mwezi mmoja na wangu, mnene, mikono ina mikunjo, mashavu yamemjaa, hapiti mtu uani asimnyanyue. Nikamwambia Paskalina kwamba nampenda sana Eliasi na nataka nipige naye picha ya ukumbusho. Akanipa kwa moyo mweupe, akamvisha hadi soksi. Nikamwachia Abbasi wangu akilia, nikaenda. Pale studio wana pazia lililochorwa ndege, wakanikalisha mbele yake, na mpiga picha akasema, "Hongera mama, bonge la mtoto!" Nikasema ahsante. Shangazi, nilisema ahsante, na moyoni nilifurahi, na ile furaha ndiyo inayonichoma kuliko uongo wenyewe.

Picha ikaenda ndani ya bahasha niliyoibandika mwenyewe. Zahoro aliporudi nikamwambia Bi Sitara aliondoka mapema, hivyo mume wangu hakupata nafasi ya kuiona. Hazikupita siku nyingi ikaja tiketi, na pamoja na tiketi ikaja kaseti, wamejirekodi sauti zao, na kwa kuwa sisi hatuna redio kaseti tukaenda kuisikiliza kwa Vitalis, Paskalina akiwa hapo hapo anachagua mchele na Eliasi yuko miguuni pake. Bibi akaanza kusema, "Zahoro mwanangu, nimemwona Abbasi! Mashavu ya babu yako yenyewe! Na kile kidevu, wallahi, marehemu amerudi. Nimeiweka picha chini ya mto wangu. Mleteni nimpakate kabla sijaenda zangu." Shangazi yake mmoja naye akasema ameshamshonea kanzu, amekata kitambaa kwa kumkadiria kwenye picha. Zahoro akamtazama Abbasi aliyekuwa amelala kifuani kwangu, akacheka kwa huruma, akasema, "Masikini bibi, macho yamekwisha kabisa." Nikamvutia Abbasi khanga usoni. Paskalina aliacha kuchagua mchele akanitazama.

Asubuhi yake nilikuwa nafua nepi, akaja akasimama nyuma yangu. "Mama Abbasi," akasema, "kumbe mwanangu keshafika Maskati, na mimi mama yake hata Unguja sijafika?" Alisema akitabasamu, lakini kisha akamchukua Eliasi ndani akafunga mlango, na kwetu mchana hakuna anayefunga mlango. Tangu siku hiyo hajamleta tena mtoto uani nikiwepo.

Safari ni mwezi ujao, ndege mbili na kungoja katikati kwenye mji nisioujua, naenda peke yangu na mtoto kwa sababu Zahoro hakupewa ruhusa kazini. Nimefikiria niseme mtoto alipata surua akakonda. Nimefikiria nisiende kabisa, lakini nikikumbuka sauti ya bibi yule nashindwa. Na hili ndilo baya zaidi, nimekuwa namlazimisha Abbasi uji, asubuhi, mchana na jioni, namshika mikono namnywesha mpaka anatapika, ili labda anenepe kabla hatujaondoka. Jana alipokiona kikombe alilia. Namwonea mwanangu aibu, Shangazi, na kwa kumwonea aibu najionea aibu mimi. Nifanye nini?

Mwenye Fedheha, Kariakoo

*

Marahaba, mwanangu. Kwanza acha huo uji. Acha leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Mtoto anayenyonya na kuongezeka anapewa kidogo kidogo, anapokataa unaacha. Ukimshika mikono na kumnywesha kwa nguvu atapaliwa, na hapo hutakuwa na wa kumpeleka Maskati wala mahali pengine. Kesho mpeleke kliniki, umweleze nesi ulichokuwa ukifanya, akuonyeshe kiasi cha kumpa.

Uliniomba nisikucheke. Nilijitahidi, lakini nilipofika kwenye kidevu cha marehemu nilishindwa. Kidevu cha Vitalis wa Masasi kimepokewa Maskati kwa heshima zote! Nimecheka, basi, yamekwisha. Ulipoandika jinsi wanavyokuuliza "Anaumwa?", sikucheka. Hilo swali linaumiza, na wanaouliza wangefunga midomo yao ingekuwa afadhali. Mama akimzaa mtoto kabla ya siku zake akamvusha, anastahili hongera, na wewe hongera hiyo ulikwenda kuipokea kwa mtoto wa mwenzio. Nakuonea huruma. Lakini huruma yangu isikufanye udhani nimekusamehe kwa niaba ya Paskalina.

Umejiuliza kwa nini amefunga mlango? Wewe ndiye uliyesema picha ya mtoto mchanga ikienda mbali anaweza kufanyiwa jicho. Kama uliyaamini maneno hayo, basi ulimficha wako ukampeleka wa mwenzio akatazamwe na ukoo mzima wa watu asiowajua, na sasa analala chini ya mto wa mtu kwa jina lisilo lake. Kama hukuyaamini, basi usilisingizie jicho, ilikuwa ni aibu yako tu. Kwa vyovyote vile yule mama alikuvishia mtoto wake soksi kwa upendo, nawe ukamtumia. Nenda kwake leo. Usipeleke zawadi wala hadithi ndefu. Piga hodi, kaa chini, mwambie, "Nilimwonea aibu mwanangu, nikamchukua wako bila kukwambia kweli. Nisamehe." Akikufokea, vumilia. Na ukifika Maskati picha ile uiombe, umrudishie, kwani hata yeye mwenyewe hajawahi kuishika.

Halafu Zahoro. Umemwacha mume anamhurumia bibi yake kwa upofu asiokuwa nao! Bi Kuruthumu anaona vizuri kabisa. Aliona mtoto mnene kwa sababu alionyeshwa mtoto mnene. Mwambie mumeo kabla Paskalina au mumewe hajamwambia. Atakasirika, na ana haki. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa akimtazama Abbasi kifuani kwako wala hakuuliza kama anaumwa, sidhani atakuacha uende peke yako na mzigo huu.

Hadithi ya surua sitaki kuisikia. Ukimpa mtoto ugonjwa wa uongo, kila atakayemwona huko atamtazama kama mgonjwa, na utakuwa umemfunika khanga nyingine, nzito kuliko ya kwanza.

Safari nenda. Usimnyime bibi mzee kitukuu wake kwa sababu ya mashavu. Kanzu ikiwa kubwa hupunguzwa, na ikishindikana ataivaa mwakani. Chukua kadi ya kliniki, nepi za kutosha na chupa ya maji yaliyochemshwa. Ndege inapopaa na inapotua mnyonyeshe, masikio yasimuume. Katikati ya safari usimwachie mtu yeyote mtoto, hata akiwa na uso mzuri namna gani.

Ila kabla ya safari bado kuna kazi moja. Azima redio ya Vitalis, kama wenyewe watakubali baada ya kukusamehe, ujirekodi kwa sauti yako: "Bibi, yule si Abbasi. Abbasi ni huyu, nilikosea, namleta." Kaseti hiyo itangulie pamoja na picha mpya. Maana katika barua yako yote nimeona jambo moja ambalo wewe hukuliona. Mwanao anakaribia kukaa, na duniani kote hakuna picha yake hata moja.

Basi rudi studio ile ile, mbele ya pazia lile lile la ndege. Khanga iache nyumbani. Mpakate mwanao, shingo yake ionekane, miguu yake ionekane. Mpiga picha akikupa hongera, mwitikie. Akinyamaza, mbusu mwanao mbele yake, kisha umwambie apige.

Shangazi Mboni