Nyuki wa Naomie na Mukwe Asiyeulizwa

Jumatatu, 12 Januari 2026

Odile, mwanamuke gani wewe! Tangu mupunga uko mudogo hujafungua hili daftari. Wamama wa parokia wamejichosha kukufundisha herufi uzeeni, na wewe unaziacha zioze. Haya, kaa. Mukono ukiuma, uume.

Habari njo hii: nyuki wa Naomie wamekimbia. Mujukuu wangu huyo alitoka na masomo yake Kisangani, akatuletea mashine ndogo zinazoruka kwa kundi, zifukuze ndege kwenye shamba letu la wamama. Zinalia sawa nyuki, basi tunaziita nyuki. Leo asubuhi zimepanda vizuri, zimezunguka, kiisha zote — vuu! — upande wa kambi ya askari. Risasi zikalia. Ndege wakashuka, wakala mupunga sawa wageni wa matanga. Nimerusha mawe mpaka bega limekataa.

Jumanne, 13 Januari

Wamemuchukua Naomie.

Watu wawili wa usalama, na miwani yao. Eti adui amemutuma kupiga picha kambi. Vita iko kule mashariki, sasa kila kinachoruka ni cha adui. Nimepeleka wali na sombe. Mulinzi akasema niache mulangoni. Nikamwambia siondoki mpaka nione sahani tupu. Nimeiona tupu. Nani amekula, sijui.

Jumatano, 14 Januari

Wameniachia kumuona kidogo. Macho mekundu, lakini mutoto wangu halii mbele ya watu. Nikauliza nani aliiba zile mashine.

“Hakuna aliyeziiba, koko,” akajibu mujukuu wangu. “Moja imezidanganya zingine.”

Akaeleza. Hazina shefu. Kila moja inaangalia jirani yake: jirani akigeuka, nayo inageuka. Ili mashine ya mugeni isiingie kati yao, zina salamu yao ya siri. Lakini ile iliyolala nje, mikononi mwa muntu, hiyo salamu iko tumboni mwake. Muntu anaifungua, anaiwekea mawazo mengine, anairudisha, zingine zinaipokea sawa dada. Akaniuliza kama kuna iliyolala nje. Nikaapa hakuna.

Nimeapa bure! Depo ya shamba, mashine zinapolala, ufunguo wake uko kwa yaya Scholastique, dada yangu mukubwa. Nimemukuta jikoni. Nilipouliza, akaanza kukoroga sufuria ya maji matupu.

“Onema aliiomba,” akasema. “Mukwe akiomba, utasema nini?”

Onema ni bwana wa binti yake. Anatengeneza telefone sokoni, na shamba lake la mupunga liko nyuma ya kambi. Aliirudisha ndani ya kitenge kizuri. Yaya akaona haya kumwambia Naomie, akaichanganya kimya na zingine. Yule mujinga hakutaka vita. Alitaka nyuki wamufukuzie ndege na yeye!

Sikula. Nimekumbuka vita ile ya 1998, musituni, njia ya Pangi. Na siye tulikuwa kundi bila shefu, na neno moja la kuitana. Adui wakamukamata mwenzetu Rachida, neno likaenda naye. Kesho yake sauti ikatuita, neno lile lile, tamu kabisa. Tukaitika. Waliobaki pale siwaandiki.

Alhamisi, 15 Januari

Nimerudi kwa wale wa usalama, nimewaambia yote. Mukubwa wao akacheka: maneno ya jikoni. Aje mwenyewe aliyefanya, aseme kwa kinywa chake. Kama sivyo, Jumamosi Naomie anapanda avion, ndege kubwa ya Kinshasa. Waliopandishwa mbele yake sijaona aliyerudi.

Nikamwomba yaya aende kumuleta Onema. Akalia. Tangu ndoa hajawahi kumuangalia yule mwanaume usoni, atamushika sikio vipi? Akanikumbusha na mimi ni mama mukwe wake, titi tumenyonya moja. Kweli. Nikimuona njiani, naingia majanini. Sijamuuliza kitu hata siku moja, hata jua limetoka wapi.

Nimemutukana yaya. Kiisha nimemupikia uji, sababu hakuwa amekula tangu jana.

Ijumaa, 16 Januari

Nimemutuma jirani Josiane sokoni: mwambie Onema mama mukwe anamuita. Josiane akashika kinywa. Lakini ameenda.

Amekuja. Yuko uani, na sukari mukononi. Anakohoa — kikohozi cha mukwe mwema, kunipa muda nitokee mulango wa jikoni. Nimebeba kiti, nimekiweka katikati ya mulango mukubwa, nimekaa. Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti.

Amekohoa tena. Ameniona sikimbii, sasa ameangalia chini. Anasema kwa sauti ndogo: “Mama, naweza kurudi baadaye.”

Hakuna baadaye; avion ni kesho. Nitamukalisha hapa mbele yangu, na nitamuangalia usoni mpaka akubali kwenda kusema mwenyewe.

Na wewe Odile, ukifungua tena hapa, usianze na mupunga, usianze na ndege. Andika kwanza Naomie amelala wapi.