Kuku wa Papa Mulongo

Jumatano

Yeye mwenyewe njo alisema: «Unitengenezee gari yangu ndogo ya makopo, kama vile ile kubwa iko, usiache kitu.» Jirani yangu Papa Mulongo alisema hivyo mbele ya bibi yake. Sasa kosa langu ni lipi?

Wiki tatu nimekata makopo ya maziwa. Magurudumu nilichonga kwenye kandambili ya zamani. Milango nilipaka rangi ya kucha ya bibi yangu, ambaye bado anaitafuta. Gari ikatoka sawasawa, inaenea kwenye kiganja.

Ila ile kubwa haijatembea tangu mutoto wetu wa mwisho azaliwe, majani yameimea na kuku wake analalia ndani, na kila Pasaka Papa Mulongo anasema ataenda nayo kule Pepa kuleta ng'ombe. Basi na kwenye ile ndogo nikapandisha majani kwenye magurudumu. Kwenye kiti cha dereva nikabandika kuku wa udongo, analalia mayai. Kama vile iko.

Leo asubuhi nilimupelekea. Bibi yake alicheka mpaka akakaa chini. Papa Mulongo akaangalia kuku, akaniangalia, akasema tu, «Asante, Papa.»

Hiyo asante haikunipendeza.

Saa kumi nikamuona chini ya gari yake kubwa, miguu tu ndiyo iko inje, anagonga vyuma. Injini ilikohoa mara mbili. Sasa ikitembea kweli? Atataka nitoe kuku wa udongo, na ile gundi haitoki.

Kuku wa kweli, yule wa kwenye kiti cha gari kubwa, alimufukuza. Jioni nilimukuta kwenye katoni yangu ya magurudumu, ameshataga. Yai nimelikula. Kuku nimemuambia asihangaike, kesho kutwa atarudi kwenye kiti chake.