Kamati ya Blessing Haikuvunjwa

Keko Machungwa,
Temeke, Dar es Salaam.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Gibson,

Shikamoo kaka. Mgongo unasemaje? Wifi kaniambia umeanza tena kuinama shambani kama kijana, nikamwambia huyo hasikii mpaka alazwe. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Mchele wa Kyela ulifika, na majirani waliujua kwa harufu kabla sijaufungua.

Sasa habari ya mpwa wako. Unakumbuka tulivyounda kamati ya kumpeleka Blessing chuo kile cha sanaa, Sinza. Kamati kamili kama ya harusi, jirani yangu mama Kokuberwa mweka hazina, na kadi za michango zenye picha ya binti. Wewe ukauza ndama. Watu walinitania kwamba namwoza mtoto kwa runinga. Nikacheka nao, ila moyoni nilijivuna, kaka. Nilishamwona kwenye tamthilia.

Muhula mzima alikuwa akirudi jioni anajifungia chumbani, anatembea kwa madaha huku na huku. Nikadhani ndiyo sanaa. Kumbe walifundishwa kutembea kwenye zulia jekundu, kutia saini kwa mashabiki, na kulia wakipewa tuzo. Unaweka kiganja kifuani, unahesabu mpaka tatu, chozi litoke jicho la upande wa kamera. Mchezo wa kuigiza hawajagusa hata mmoja. Na muhula wa pili ukitaka kuonekana kwenye filamu yao unalipa tena, wakati hadithi yenyewe haijaandikwa.

Aliniambia tukichambua mchicha. "Mama, mie sirudi kule. Ila mjomba kauza ndama. Nitawatazamaje?"

Hapo niliumia. Akimwona mwanakamati barabarani alikuwa anapita uchochoro mwingine, mtoto aliyezoea kuamkia mtaa mzima. Nilikwenda chuoni. Mkurugenzi akazunguka na kiti chake, akaniambia kilichoingia hakirudi, na kwamba binti yangu hana uvumilivu wa kistaa. Nikaaga nikaondoka, maana mdomo wangu unaujua.

Shemeji yako Leodegar, ambaye maneno anayapima kama mbao, akasema kamati haifi kimyakimya, kamati huvunjwa. Basi tukawaita wote kwenye karakana yake ya useremala Jumamosi, tukapika pilau kwa mchele wako. Michango ya muhula wa pili ilikuwa bado kwa mama Kokuberwa, kila mtu achukue chake. Leodegar akaunganisha vitanda viwili visivyopigwa vanishi vikawa jukwaa, Blessing apande aombe radhi.

Akapanda. Tukangoja aombe radhi. Yeye akavuta stuli, akaketi, akazunguka. Kaka, alikuwa mkurugenzi mtupu, mpaka anavyokohoa. Akamwita mama Kokuberwa afundishwe kulia. Yule mama na mwili wake akapanda, kiganja kifuani, moja, mbili, kabla ya tatu akaangua kicheko mpaka kitenge kikalegea. Mafundi wa jirani waliacha randa wakaja.

Kisha akabadilika akawa mimi. Ananyoosha kadi za michango kwa pasi zisikunjike, anaiambia picha, "Utanitoa kimasomaso, mwanangu." Nilidhani siku ile niko peke yangu. Sikukasirika, kaka. Niliona aibu na raha kwa pamoja.

Walipopiga makofi hakuhesabu. Machozi yalimtoka macho yote mawili, na kamasi juu.

Mwenyekiti wa kamati akauliza nani anataka mchango wake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Kokuberwa akasema, "Hii kamati haivunjwi. Krismasi anatuigizia tena." Sasa Blessing anafanya mazoezi pale pale na wenzake watatu waliotoka naye chuoni, na anaamkia watu kama zamani.

Anakuomba uje Krismasi. Anasema kuna nafasi ya mzee mbishi mwenye mgongo, nawe hutahitaji mazoezi. Ndama wako anakusalimu, kaka. Nimemwona amesimama juu ya vitanda vya Keko, anapigiwa makofi.

Nisalimie wifi, Brightson na bibi Tumpale, mwambie dawa ya miguu nimeipata. Mwenyezi Mungu akupe mvua ya kutosha na usingizi mzuri.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Sekela