Aliyeletwa Baada Yangu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo dobi? Mgongo umenyooka, au bado umepinda kama hanga ya nguo? Mimi mzima, nimerefuka mpaka suruali uliyonipa inanikimbia vifundoni. Gundi sijainusa tangu mvua zile zilizobomoa ukuta wa shule, na mshauri wa kliniki ya kuacha gundi ananitolea mfano kwa wenzangu. Sijisifu. Nasema ukweli, basi ukweli wenyewe unanisifu.

Lakini Mama Mlezi kaletewa kijana mwingine. Afisa ustawi alimshusha hapa na mfuko mmoja wa plastiki, hasemi, haangalii mtu, mikono inamtetemeka kwa kukosa gundi. Nimempa jina Kimya. Tangu siku hiyo mimi nimekuwa kabati humu ndani, watu wananizunguka tu.

Sikiliza. Kimya alificha mkate chini ya godoro, panya wakaja. Nikasubiri kwa hamu agombezwe. Mama akampa kopo la biskuti lenye mfuniko, akamwambia aweke humo, ni lake, hakuna atakayeligusa. Kopo hilo nilikuwa nalimezea mate mimi! Siku nyingine akarudi kavuta, macho mekundu, kikombe kavunja. Nikajisemea leo ndiyo leo. Mama akachukua kigoda, akakaa nje ya mlango wake mchana kutwa akitia vifungo kwenye sare za wateja, eti asizinduke akajikuta peke yake. Nikauliza mbona hamchapi. Akasema huyo alishachapwa ya kumtosha.

Mimi nikiosha vyombo vyote naambiwa asante. Haya, nitaila hiyo asante.

Mdogo wako, mfalme aliyepinduliwa

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, pasi zinachemka na mwenye dobi anachemka. Nafurahi kwamba unakula.

Barua yako imejaa Mama hivi, Mama vile. Mwaka jana ulimwita "yule mama". Mimi niliyekubeba mgongoni tukimkimbia baba na mkanda wake sikuwahi kukaa kwenye kigoda nje ya mlango wako. Mlango wenyewe ulikuwa pazia. Na ningekaa, nani angepiga pasi? Mwambie huyo mama kwamba upole ni rahisi ukiwa na vyumba vitatu. Au basi, usimwambie.

Huyo kijana mwache, ataondoka mwenyewe.

Dada yako

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mwili hauna neno. Yaliyobaki yasome ukiwa umekaa.

Jumanne Kimya alikubali kwenda kliniki kwa mara ya kwanza, kwa sharti kwamba Mama aende naye. Nyumba nzima ikawa harusi. Shati likapigwa pasi, Mama akavaa viatu vya safari. Mimi kliniki najipeleka mwenyewe, kama mtu anayekwenda kinyozi, na hakuna anayenishangilia.

Nikaenda kwa fundi viatu wa kona, nikaomba gundi kidogo ya kubandikia soli. Nikajipaka kwenye kola. Sikuvuta, naapa kwa mgongo wako. Nikarudi nayumba kama mlevi wa maigizo ya shule, nikaanguka mlangoni kwa ustadi mkubwa. Mama akavua viatu, akachukua kigoda, akakaa nje ya mlango wangu. Dada, sikufichi, nilifurahi. Nililala nikisikiliza uzi ukipita kwenye kitambaa, nikajiona na mimi mtoto wa mtu.

Kimya alisubiri sebuleni na shati lake. Kisha akatoka.

Walimkuta siku ya tatu kwenye jengo ambalo halijamalizika nyuma ya soko, kavuta mpaka hajitambui. Yuko wodini. Afisa ustawi anasema nyumba hii haimfai, maana kuna kijana mkubwa aliyerudia gundi, atamharibu mwenzake. Kijana mkubwa ndiye mimi. Kimya akitoka wodini atapelekwa kituo cha kufungiwa, chenye geti na mlinzi. Mama yuko kwenye cherehani. Anashona, anafumua.

Nikisema ukweli nitafukuzwa mimi. Nifanyeje?

Mdogo wako

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Mdogo wangu,

Nyamaza. Usimwambie mtu.

Mwenye dobi amekubali ulale stoo, kwenye magunia ya sabuni. Huyo kijana si ndugu yako na huyo mama si mama yako. Damu yako ni mimi. Panda basi la Ijumaa ijayo, nitakuwa stendi tangu asubuhi.

Dada yako

Jumapili, tarehe 5 Mei

Dada yangu,

Shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya ile Ijumaa uliyosimama stendi. Nilifunga mfuko kweli, nikafika hadi jikoni. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nikamwaga yote bila kuvuta pumzi.

Akasema, "Nilijua. Kola ilinuka gundi, pumzi ikanuka chai."

Nikamuuliza kwa nini basi alikaa.

"Niliona unanihitaji. Kosa langu, nilidhani yeye anaweza kusubiri."

Tukaenda wote kwa afisa ustawi. Nikapimwa mkojo, ukatoka msafi kama wa malaika. Afisa akanisema mpaka masikio yakawaka, akasema nikirudia mchezo huo ninahama mimi. Halafu akaenda wodini kumuuliza Kimya anataka kwenda wapi. Yule asiyesema akasema, "Kwa mama wa vifungo."

Amerudi, jana ametimiza wiki. Nilikwenda kumwomba radhi, nikakaa kitandani kwake nikaanza hotuba. Akanitazama. "Nimesikia. Shuka kitandani kwangu." Nikashuka.

Sasa usidhani nimekuwa mtakatifu. Juzi Mama alikuwa anamfundisha cherehani, jambo ninaloliomba tangu mwaka jana. Mara hii sikwenda kwa fundi viatu. Nikasema, "Mama, nina wivu." Akacheka, akanivutia kiti upande wa pili. Nimeshona mfuko wa shati, umekaa upande. Wa Kimya umenyooka, lakini rangi ya uzi nilimchagulia mimi.

Dada, kwako nitakuja likizo, kutembea. Kuhama sihami. Usilie juu ya nguo za watu.

Mdogo wako

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba zote mbili. Sikulia. Nilingoja mpaka wauza maji wakaanza kunisalimia kama mwenzao, nikarudi kazini.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniita mama mbele ya wenzangu wa shule. Niliona aibu, nikakufinya ili ukome, ukakoma kabisa. Nimelikumbuka hilo Jumanne, pasi ikiwa mkononi, nikachoma shati la mteja. Limekatwa kwenye mshahara wangu, basi na wewe ujue una gharama.

Njoo likizo. Huyo Kimya mlete, stoo inatosha wawili. Huyo mama abaki kwanza. Nitamzoea polepole.

Dada yako