Niliandika Z Chini ya Bawa

Mpendwa Mama Victorine,

Shikamoo kama umenizidi umri, mimi nina hamsini na nane, na kama hujanizidi ipokee hivyo hivyo, maana nina jambo ambalo sijamwambia mtu na nimechoka kulibeba, na nakuandikia nikiwa nimesimama kaunta dukani kwangu hapa Kensington, mlango uko wazi na wateja wanaingia, na hao wateja ndio shida yenyewe kama utakavyoona.

Mimi ni Mtanzania wa Morogoro, na huko ndiko nilikoolewa na Zolile, kijana wa huku aliyekuwa uhamishoni kwa ajili ya siasa, tukaja naye Johannesburg mwaka 1992, akapata kazi kwa mzee mmoja aliyeuza ndege za mfano, hizi ndege ndogo ambazo mtu anaziunda mwenyewe na kuzirusha kwa rimoti, na mzee alipostaafu akatuachia duka, na Zolile alipofariki miaka sita iliyopita nikabaki nalo mimi, na usinidhanie mjane anayeuza vitu asivyovijua, mama, mimi najua mbao nyepesi ya balsa kwa kuinyanyua tu, najua gundi gani inashika kwenye baridi ya mwezi wa saba na gundi gani ni porojo.

Upande wetu huu wa mji maduka ya namna hii yalikuwa manne na sasa limebaki langu. Zamani Jumamosi watu walijaa humu, wanakalia maboksi, wanakunywa chai yangu ya tangawizi na kubishana kuhusu propela mpaka nawafukuza kwa ufagio, lakini siku hizi mtu anaingia, anashika kila kitu, ananiuliza maswali saa nzima, anaipiga lebo picha kwa simu, ananiaga "Sharp, Mama," anatoka, na wiki mbili baadaye anarudi na boksi aliloagiza mtandaoni anataka nimwonyeshe jinsi ya kuunganisha. Binti yangu Lerato ameshanitafutia mpangaji wa kuuza makava ya simu, na chumba changu kwake Midrand ameshakipaka rangi ya njano bila kuniuliza, na mimi nimemwambia sihami, tulifunga duka siku tatu mwaka 2008 watu walipokuwa wanawinda wageni, tukafunga tena serikali ilipotufungia wakati wa Corona, na mara zote mbili nilifungua kwa mkono wangu huu, sasa nifunge kwa sababu ya simu?

Hapo ndipo kwenye kosa langu. Zolile alikuwa na desturi moja, kwamba hakuna ndege mpya inayokwenda uwanjani kwenye kilabu chetu cha kurusha ndege hizi kabla haijapita kaunta, anaiweka mezani, yeye anasimama nyuma ya mkia, mwenye ndege anasukuma kijiti cha rimoti kulia, na Zolile anaangalia vile vibao viwili vya kwenye mabawa vinavyoigeuza ndege, cha bawa la kulia lazima kipande na cha kushoto kishuke, kisha anachukua penseli na kuandika Z chini ya bawa, na pale kilabu mtu asiye na Z haruhusiwi kurusha. Alisisitiza kusimama nyuma kwa sababu warushaji wengi wanaundia ndege sebuleni, pua imewaelekea wao, na ukiitazama kutoka mbele kulia kwake ni kushoto kwako, unaona vibao viko sawa kumbe viko kinyume, na kosa hilo amelifanya hata mtu wa miaka ishirini kwenye mchezo. Zolile alipofariki wakaniomba niendelee na nikaendelea, na niliendelea kuandika Z.

Mwezi uliopita akaja Gustave, Mkongo wa Lubumbashi, msimamizi wa walinzi, mteja wetu wa miaka kumi, na ndege kubwa nyekundu ambayo kila kitu chake, hata skrubu, alikiagiza mtandaoni, na ameiunda miezi sita bila kununua kwangu hata gundi, akaiweka kaunta, na huku anacheka mbele ya wateja akasema, "Mama, hii duka yako iko ya zamani sana, nimesikia mwaka kesho tutakuta hapa banauzisha makava ya simu," halafu bila aibu akaniambia, "Niandikie Z, kesho narusha."

Nilisimama nyuma ya mkia, akasukuma kijiti kulia, na kibao cha kulia kikashuka. Niliona, Mama Victorine, niliona kama ninavyoiona karatasi hii, na hasira ikanipanda mpaka masikioni, nikasema moyoni basi muulize mtandao wako, na nikachukua penseli ya marehemu mume wangu nikaandika Z.

Jumapili ndege ikapaa, ikaanza kulala kushoto, na kila alivyoirudisha kulia ndivyo ilivyozidi kulala, mpaka ikageuka mgongo chini na kuanguka kati ya magari, hatua kumi kutoka kwenye kiti alichokalia mkewe, Murielle, na sahani ya nyama mapajani. Hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwepo, na Gustave akaja kunikumbatia mbele ya watu wote akisema, "Mama, wewe ulipima muzuri, vitu ya mtandao ndiyo takataka," na tangu siku hiyo anahubiri hivyo kilabu kizima, na watu wamerudi dukani, Mama Victorine, Jumamosi iliyopita walikalia maboksi kama zamani na nikachemsha chai mara tatu, na hata Lerato amenyamaza kuhusu Midrand.

Sasa nikisema ukweli, duka la mwisho linakufa na jina la Zolile linakufa nalo, na nikinyamaza duka linaishi, lakini kila anayeingia hapo mlangoni ameletwa na uongo wangu, na kila nikishika penseli nakiona kile kibao kikishuka. Nifanyeje? Ila naomba usiniambie nifunge, kwa sababu sifungi.

Mimi Mama Lerato,
Kensington.

MAMA VICTORINE ANAJIBU

Mama Lerato, barua yako nimeisoma nikiwa saluni kwangu Rosettenville, na mteja niliyekuwa namsuka amebaki na nusu kichwa mpaka nilipomaliza. Marahaba, nimekuzidi miaka miwili, kwa hiyo nina haki ya kukugombeza, na nitakugombeza.

Eish, mama! Ulimwona Murielle na sahani yake mapajani, halafu ukarudi nyumbani ukala chakula? Unaniandikia kwamba hakuna aliyeumia kana kwamba hiyo ni kazi yako nzuri. Zile hatua kumi hukuzipima wewe. Ungekuwa unaniandikia barua nyingine leo, au usingeandika kabisa, ungekuwa unajibu maswali kituo cha polisi. Gustave alikutukana, sawa, na ningekuwa mimi ningemrudishia palepale mbele ya hao hao waliocheka, maana ulimi ninao. Angeondoka na aibu yake na ndege yake nzima. Wewe ukachukua penseli. Hiyo siyo hasira ya duka, mama, huo ni ubaya, na nakuambia hivi kwa sababu najua unajua.

Sasa nipe mkono, maana hasira yenyewe naielewa sana. Kwangu wanakuja na nywele walizoagiza mtandaoni na picha ya msuko kwenye simu, wanakaa kwenye kiti changu, wanachaji simu kwa umeme wangu, halafu wananiambia bei za saluni zimepitwa na wakati. Kuna siku nilitamani kumsuka mmoja upande mmoja tu nimwachie. Sikumwachia. Nilimaliza kichwa, nikamwambia, "Nywele umezipata kwenye simu, mkono umeufuata hapa, na mkono ndio utakaoulipia." Amerudi mara nne. Hicho ndicho ambacho hujawaambia watu wako kwa miaka yote hii. Umewaacha wakidhani unauza gundi. Gundi iko kila mahali, lakini hakuna simu inayoweza kusimama nyuma ya mkia na kusema usirushe. Gustave pamoja na kejeli zake alilijua hilo, ndiyo maana alikuja kwako. Hakuja kununua, alikuja kwa sababu anakuamini. Na hicho ndicho ulichokiharibu, siyo ndege.

Unasema ukisema ukweli duka litakufa. Inawezekana, sitakudanganya. Wapo watakaoondoka, na Gustave anaweza kuwa wa kwanza, na Murielle akikutukana utasimama umsikilize mpaka amalize. Lakini hebu niambie, hilo unaloliita duka kwa sasa ni nini? Watu wamekalia maboksi wakiamini Z, na mwenye kuiandika haiamini tena. Siku utakapoandika nyingine ya uongo, au uandike ya kweli kwa jicho lisiloona vizuri kwa hofu, hatua kumi zitakuwa mbili. Ukinyamaza umeshafunga, mama, umebakiza tu kuzima taa na kumpa ufunguo huyo wa makava.

Kwa hiyo fanya hivi, na usianze kunitafutia sababu.

Usisubiri Jumamosi. Gustave na Murielle wafuate kwao, leo, wasikie kutoka mdomoni mwako, siyo kwa ujumbe wa simu. Usianze na matusi aliyokutukana, hayo aliyasema na anayajua. Anza na kibao: niliona kikishuka nikaandika. Halafu nyamaza. Mume wa watu akipiga kelele, apige. Omba mabaki ya ndege nyekundu uondoke nayo, uiunde upya kwa mikono yako, kwa mbao zako na gundi yako, na usimwambie ni zawadi, maana siyo zawadi.

Jumamosi wakishajaa, kabla hujachemsha chai, sema tena mbele ya wote, pamoja na hili wanaloliamini kuhusu vitu vya mtandaoni. Vitu vya Gustave vilikuwa vizima, na usiache duka lako lisimame juu ya takataka ambazo si takataka. Lerato naye awepo. Mtoto anakupakia chumba rangi kwa sababu anadhani umeshashindwa, basi aje aone mama yake anavyosimama. Akilia mwache alie, na akikurudishia tena habari za Midrand mwambie rangi ya njano ni nzuri, alaze humo mgeni mwingine.

Kisha endelea kuuza. Andika mlangoni kwamba kupimiwa ndege ni kazi ya duka hili na ina malipo yake, iwe imenunuliwa kwako au huko mwezini. Waliozoea bure watanung'unika wiki mbili, halafu watakuja, kwa sababu hawana pengine pa kwenda, na kwa sababu mtu aliyekiri kosa lake hadharani ni rahisi kumwamini kuliko asiyewahi kukosea. Na atakayekukejeli kaunta mjibu palepale kwa mdomo, kwa sauti, mpaka mtaa usikie. Penseli iache ifanye kazi yake.

Limebaki moja, na hili limenikera kuliko yote. Miaka sita unaandika Z. Zolile yuko kaburini, mama, hakuona kibao kile, na hakustahili jina lake liandikwe chini ya bawa lile. Umejificha nyuma ya herufi ya marehemu, unapofanya vizuri sifa ni zake, na ulipofanya vibaya aibu pia ukampa yeye. Ulifungua duka mwaka 2008 kwa mkono wako, ukalifungua tena baada ya Corona kwa mkono wako, ndivyo ulivyoniandikia. Mimi sijui hata jina lako ulilopewa na mama yako, umeniandikia Mama Lerato tu. Lakini unalijua wewe. Ndege nyekundu ikiwa tayari, iweke kaunta, simama nyuma ya mkia, mwambie Gustave asukume kijiti kulia, na kibao kikipanda, chukua penseli uandike herufi ya kwanza ya jina lako mwenyewe, kubwa, mpaka aliyeko uwanjani aione.