Waya Zinaponasa kwenye Mandolini

Mjukuu wangu Kazungu,

Salamu zikufikie huko Nairobi. Sisi wa Changamwe tupo. Mimi ni nyanya yako kwa ukoo tu, kwa umri bado, ila uchovu ninao wa kutosha. Mtoto anaota meno, halali. Babu yako yuko zamu bandarini.

Waniuliza kwa nini waya za mandolini ukizikaza zinanasa, kisha zinaruka ghafla na kupita sauti unayoitaka. Marehemu baba yangu yalimpata hayo mama alipokuwa hoi kitandani, akiomba wimbo mmoja tu wa kanisani. Baba alidhani kigingi cha kukazia ndicho kibovu, akakizungusha kwa hasira hadi waya ikakatika. Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, mimi bado mtoto wa shule, madukani waya hakuna.

"We mume wangu," mama akasema, "wamnyonga asiye na kosa. Sikiliza palipolia. Ni pale kwenye kifupa cha juu ya shingo ya mandolini, waya zinapopita."

Kweli, vijia vya kifupa hicho vilikuwa vinazibana. Baba akazilegeza, akavipaka unga mweusi wa penseli yangu ya shule, waya moja baada ya nyingine zikateleza. Mandolini ina waya mbili mbili kwa kila sauti, basi pacha wa ile iliyokatika akashika sauti peke yake.

Ubeti wa kwanza mama aliimba naye. Wa pili baba aliimba mwenyewe, na hakuthubutu kugeuka kumtazama.

Paka penseli kwanza, mwanangu. Usivute kwa hasira, nakukataza.

Nyanya yako,
Kadzo